Laird wa Uskoti: ni bwana, ni kabaila, au ni mwenye shamba tu?

FundiHati
Salaam wakuu. Nafasiri hati za Uskoti za karne ya 17 na ya 18, na neno linalokwamisha kazi ni laird. Kamusi zinamaliza kwa "mwenye ardhi", lakini hati zenyewe hazikubali. Kuna watu wa mashamba makubwa ambao hawaitwi laird hata mara moja, na kuna wenye vishamba vya kulima wenyewe wanaoitwa laird kila ukurasa. Naweka dai mnipinge: laird ni yule aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme, bila mtu kati. Na asili ya neno, inasemwa ni "mlinzi wa mkate". Hilo lina msingi au ni maneno ya kijiweni?

NgomaYaLugha
Lina msingi. Laird na lord ni neno moja lililopita njia mbili. Kiingereza cha Kale kilisema hlaford, na ndani yake mna hlaf, mkate, na weard, mlinzi. Irabu ya kwanza ilikuwa a ndefu. Kusini mwa Uingereza a hiyo ikaviringika ikawa o. Kaskazini, Uskoti ikiwemo, haikuviringika, bali ilisogea mbele ya kinywa kuelekea e. Ndiyo maana Mwingereza anasema stone, home, bone, na Mskoti anasema stane, hame, bane. Weka lord na laird kwenye safu hiyohiyo uone zinavyokaa.

Konsonanti nazo: h ya mwanzo ilidondoka, f iliyo kati ya irabu ikatamkwa v, likawa laverd. Kisha v ikamezwa. Waskoti wanaimeza kila mahali: devil kwao ni deil, silver ni siller, give ni gie. Ikabaki lard, baadaye laird.

MsomajiKimya
Kama irabu ilikuwa a ndefu tu, hiyo i ya katikati imetoka wapi?

NgomaYaLugha
@MsomajiKimya ni alama ya urefu. Kuanzia karne ya 15 waandishi wa Uskoti walizoea kuweka i nyuma ya irabu kuonyesha kwamba ni ndefu. Ndiyo maana unakuta lard na laird kwa mtu yuleyule, pengine katika hati ileile. Usiwahesabu kuwa watu wawili.

BinShela
Kwa sauti NgomaYaLugha kapatia, ila kwa maana asikimbie. Umbo kamili hlafweard linaonekana mara moja tu katika maandishi ya Kiingereza cha Kale yaliyobaki, kwenye tafsiri ya zaburi moja, na pale maana yake ni msimamizi wa nyumba, si mtawala. Hlaford lenyewe, tangu linapoanza kuonekana, tayari ni bwana, mume, na Mungu. Kwa hiyo mkate uko kwenye muundo wa neno, lakini hakuna anayejulikana kulitumia akifikiria mkate. Ni kama sisi tunavyosema mwananchi bila kumwona mtoto.

Ushahidi mzuri zaidi wa mkate uko upande wa pili. Sheria za Æthelberht, mfalme wa Kent, za mwanzoni mwa karne ya 7, zinamtaja mtumishi kwa neno hlafæta, yaani mla mkate. Kukiwa na mla, mtoaji naye yupo.

MamaKamusi
Ongezeni na bibi. Lady ni hlæfdige, na nusu ya pili ni mkandaji wa unga. Bwana analinda mkate, bibi anakanda, mtumishi anakula. Uskoti mke wa laird aliitwa Lady kwa heshima, na jina la shamba likafuata, bila mumewe kuwa na cheo chochote cha kitemi.

Halafu wakuu, tukiliandika neno hili kwa matamshi litatoka "ledi", na ledi wasomaji wetu wanaijua kuwa ni mwanamke. Liacheni laird kama lilivyo.

Mtwapa_Juu
Huku Kenya mwenye nyumba ya kupanga ni landilodi. Kumbe kila mwisho wa mwezi tunamlipa mlinzi wa mkate, na mkate wenyewe ndio anauchukua!

KarafuuPori
@Mtwapa_Juu sisi bara Tanzania ni "baba mwenye nyumba", angalau kodi anapokea kama mzazi.

Turudi kwenye mada. Nimewahi kusikia kwamba laird ni la Kinorwe, limeingia na Waviking. Kuna lávarðr kwenye Kinorwe cha Kale, nalo linafanana kuliko hata hlaford.

BinShela
Lávarðr lipo, lakini safari ilikuwa ya kinyume. Wanorwe walilichukua kutoka Kiingereza. Lugha nyingine za ukoo wa Kiingereza na Kinorwe hazina neno lililoundwa kwa mkate na mlinzi. Ni Kiingereza peke yake. Kinorwe kingekuwa na lake, tungelikuta na ndugu zake.

Kigaeli, ile lugha ya Kiselti ya Uskoti, nacho hakihusiki. Kigaeli kina tighearna, bwana, na uachdaran, mwenye ardhi. Hili la pili limejengwa juu ya uachdar: sehemu ya juu ya kitu, hata malai ya maziwa ni uachdar. Picha ni tofauti kabisa: huyu anaelea juu, yule wa Kiskoti analinda chakula.

NgomaYaLugha
Kwamba Wanorwe waliazima, sipingi. Ila kaskazini mwa Uingereza walikaa watu wa Kinorwe kwa vizazi. Inawezekana lávarðr waliyokuwa nayo midomoni ilisaidia kuikaza ile a isigeuke. Silazimishi, ila msilifute.

WakiliWaMirathi
Nijibu dai la FundiHati, maana hapo ndipo penye uzito. Dai lake lina shahidi mkubwa. George Mackenzie, mwanasheria wa Uskoti, aliandika mwaka 1680 kwamba kulikuwa na desturi iliyokufa karibuni: walioshika ardhi kwa mfalme waliitwa laird, na walioshika kwa raia mwingine, hata wawe na ardhi kubwa na bwana wao awe mtukufu namna gani, waliitwa goodman tu. Hati za Kiskoti huliandika gudeman. Ndiyo maana hadithi maarufu ya mfalme James V kutembea kwa kujificha inampa jina la Gudeman wa Ballengeich. Alijishusha ngazi moja chini ya laird.

Bunge nalo linaelekea huko. Sheria ya mwaka 1428 iliwaondolea makabaila wadogo, wote wapokeaji ardhi wa mfalme, wajibu wa kuhudhuria wenyewe, ili kila wilaya ichague wawakilishi. Haikushika mpaka ilipotungwa upya mwaka 1587. Hao wawakilishi ndio tunaowaita laird kwenye historia ya siasa.

KarafuuPori
Wakili, soma tena ulichonukuu. Mackenzie anasema desturi *imekufa*. FundiHati anafasiri hati za karne ya 17 na 18, wakati ambapo kanuni hiyo ilikwisha kuoza.

Sababu ya kuoza ni ardhi ya kanisa. Kabla na baada ya Matengenezo ya Kanisa ya 1560, mashamba ya makanisa na nyumba za watawa yaligawiwa kwa mtindo wa feu: unalipa fungu kubwa mwanzoni, kisha ada isiyobadilika kila mwaka, na ardhi inakuwa yako na warithi wako daima. Waliochukua wengi walikuwa wakulima waliokuwa tayari wanailima. Hao hawakushika kwa mfalme, walishika kwa kanisa au kwa mkubwa aliyerithi mali ya kanisa. Majirani wakawaita laird hivyohivyo. Ndio bonnet laird: mwenye ardhi anayeshika plau mwenyewe na kuvaa kofia ya sufu ya bluu kama vibarua wake. Wengine waliitwa cock-laird. Na ada ikiwa haibadiliki huku bei za vitu zinapanda, baada ya miaka 100 mzigo unakuwa mwepesi kabisa, ndipo mkulima anasimama kama bwana.

WakiliWaMirathi
Hapo umenipa hoja bila kujua. Mwaka 1633, chini ya Charles I, ubwana wa juu wa ardhi hizo za kanisa, yaani nafasi ya yule ambaye ardhi inashikwa kwake, ulirudishwa kwa mfalme. Kwa hiyo wengi wa bonnet laird wako wakawa wapokeaji wa mfalme kisheria, hata kama ada iliendelea kwenda kwa mwingine. Kanuni haikuvunjika, wao ndio waliopandishwa.

KarafuuPori
Wengi, si wote. Na waliitwa hivyo kabla ya 1633.

FundiHati
Kura je? Nimeona orodha za wapiga kura wa wilaya zenye majina ya watu ambao hawana shamba lolote hapo.

WakiliWaMirathi
Hao ni matunda ya sheria ya 1681. Mpiga kura wa wilaya alitakiwa awe ameshika kwa mfalme ardhi ya shilingi 40 za makadirio ya zamani, au ardhi yenye thamani ya pauni 400 za Kiskoti katika vitabu vya kodi. Pauni 12 za Kiskoti ni pauni 1 ya Kiingereza, kwa hiyo 400 ni pauni 33, shilingi 6 na peni 8.

Ujanja ulikuwa hapa: sheria ya Uskoti ilipasua umiliki vipande viwili, ubwana wa juu na matumizi ya ardhi. Kura ilifuata ubwana wa juu. Mkubwa mwenye shamba la pauni 4,000 aliweza kulikata kwenye karatasi vipande 10 vya pauni 400, akawapa marafiki 10 ubwana wa juu mtupu, yeye akabaki na mashamba, kodi na mavuno. Marafiki wakapiga kura kama wenye ardhi. Mkulima aliyelima palepale hakuwa na kura. Mchezo huu ulikwisha na mageuzi ya 1832.

KarafuuPori
Na hao marafiki 10 hakuna mtu kijijini aliyewaita laird! Walishika kwa mfalme, walikuwa na hati na mhuri, na bado hawakuwa laird. Dai la FundiHati limeangukia hapo.

Mpekuzi_wa_Rejista
Ninyi mnabishana juu ya ufafanuzi, mwenzetu ana hati mezani. FundiHati, angalia neno dogo lililo kati ya jina la ukoo na jina la mahali. Likiwa "of", mtu ni mwenye ardhi. Likiwa "in", ni mpangaji. Hili linakosewa kuliko yote, kwa sababu kwa Kiswahili yote mawili mtu huyatafsiri "wa". Andika "mwenye Balgonie" kwa la kwanza na "mkaazi wa Balgonie" kwa la pili, au utafute njia yako, lakini usiyachanganye. Sheria ya 1672 iliruhusu kabisa watu wasio watukufu kutia saini kwa jina la ukoo na kuongeza jina la ardhi yao likitanguliwa na "of".

Ukikuta "of that Ilk", maana yake jina la ukoo na la shamba ni moja, kama Moncreiffe of that Ilk. Ilk ni "hilohilo". "Portioner" ni mwenye sehemu ya shamba lililogawanywa, mara nyingi kwa mabinti wasio na kaka. "Fiar" ndiye mmiliki, huku mtu mwingine, kwa kawaida mama mjane, akiwa na haki ya kulitumia shamba maisha yake yote. "Wadsetter" ameshika ardhi kama rehani, anakula mazao mpaka deni lilipwe. Huyo hata akijaza ukurasa mzima kwa majigambo, ardhi inaweza kukombolewa.

MsomajiKimya
Na mtu akinunua shamba, anakuwa laird siku gani? Siku ya kulipa?

Mpekuzi_wa_Rejista
Hapana, siku ya udongo na jiwe. Utaratibu uliitwa sasine. Hati ya bwana wa juu ilikuwa na amri mwishoni ya kumkabidhi mnunuzi. Mwakilishi wa bwana wa juu, wakili wa mnunuzi, mthibitishaji wa hati na mashahidi wawili walikwenda *juu ya ardhi yenyewe*. Mwakilishi aliinama, akachukua udongo na jiwe vya pale, akavitia mkononi mwa wakili. Kinu cha kusagia kilikabidhiwa kwa kitikisio na faneli ya nafaka, haki ya kuvua kwa wavu na mtumbwi, haki ya kuteua mchungaji wa kanisa kwa kitabu cha zaburi na funguo. Mthibitishaji akaandika yote, na kwa sheria ya 1617 maandishi yaingizwe katika Rejista ya Sasine ndani ya siku 60.

Yanayoharibika ni haya. Ukitumia alama isiyo ya mali ile, umekabidhi hewa. Ukipitisha siku 60, mnunuzi wa pili aliyeandikisha mapema anakushinda. Shamba likiwa vipande visivyogusana, kila kipande kinataka udongo wake, isipokuwa hati ya mfalme iwe imeviunganisha. Sherehe ya shambani iliondolewa mwaka 1845, ikabaki karatasi.

Tahadhari nyingine kwa anayefuatilia ukoo: mpaka 1868 ardhi ya Uskoti haikuachwa kwa wasia. Ukisoma wasia wa laird utakuta ng'ombe, vijiko na madeni, shamba halimo. Usihitimishe kwamba alikuwa maskini. Na mrithi aliweza kuingia nyumbani, akakusanya kodi miaka 30 bila kukamilisha hati. Kwenye rejista ni shimo tupu, kijijini ni laird.

FundiHati
Ahsante, hilo la "of" na "in" limenirudisha kurasa 40 nyuma kusahihisha. Na heritor je? Yuko kwenye vitabu vya parokia kila mahali.

WakiliWaMirathi
Heritor ni yuleyule akitazamwa na mhasibu wa kanisa. Mwenye ardhi katika parokia alibeba jengo la kanisa, nyumba ya mchungaji na shule. Sheria ya 1696 iliwataka watoe nyumba ya shule na mshahara wa mwalimu usiopungua merki 100 wala kuzidi 200 kwa mwaka, na merki ni theluthi mbili ya pauni ya Kiskoti. Waligawana kwa thamani ya ardhi katika vitabu vya kodi: parokia ya pauni 2,400, mwenye pauni 600 analipa robo. Nusu ya alicholipa aliruhusiwa kuidai kwa wapangaji wake. Kwa hiyo heritor ni neno la mzigo, laird ni neno la heshima. Mtu akiitwa laird anachangamka, akiitwa heritor anashika mfuko.

Nyanda_Baridi
Mmesahau visiwa. Orkney na Shetland zilitolewa rehani kwa taji la Uskoti mwaka 1468 na 1469, kwa sababu ya mahari ya Margaret wa Denmark (kule baba wa bibi harusi ndiye aliyeitoa). Kule ardhi ilishikwa kwa sheria ya Kinorwe ya udal: hakuna bwana wa juu, hakuna hati, hakuna sasine, na mpaka wa shamba la pwani unashuka hadi maji yanapokupwa kabisa. Mwenye ardhi wa namna hiyo ni udaller, si laird. Neno laird liliingia na Waskoti wahamiaji, na Shetland lilipata ladha chungu, kwani wapangaji wengi walishurutishwa kumvulia laird samaki kwa mashua za makasia sita, bahari kuu, na kununua vitu dukani kwake kwa mkopo. Tume ya serikali ilichunguza mambo hayo mwaka 1872.

Kwa hiyo jibu la "laird ni nani" linategemea umesimama kisiwa gani.

Mtwapa_Juu
Kuna watu mtandaoni wanauza futi moja ya mraba ya ardhi Uskoti na cheti cha kuitwa Laird. Hao nao?

WakiliWaMirathi
Kisheria hicho ni kipande cha kumbukumbu: ardhi ndogo isiyo na matumizi, inayotakwa kwa hisia tu. Sheria za usajili, ya 1979 na ya 2012 iliyofuata, zinaikataa rejistani, na bila rejista umiliki halisi haukufikii. Mahakama ya Lord Lyon, inayosimamia nembo, imeeleza kwamba laird ni maelezo, si cheo, na kwa kawaida humkalia mwenye shamba kubwa kutoka vinywani mwa wanaoishi na kufanya kazi juu yake. Ni zawadi ya kufurahisha, basi.

KarafuuPori
"Kutoka vinywani mwa wanaoishi juu yake." Ndilo ninalosema tangu asubuhi.

Kampala_Mashariki
Samahani kuchelewa. Buganda kuna mailo, aina ya umiliki wa ardhi, neno lililotoka kwenye maili za mraba za Mkataba wa 1900. Na sheria ya 1927 ilikaza busuulu, ada ya mpangaji, isipandishwe ovyo. Inafanana sana na ile ada ya feu isiyobadilika.

WakiliWaMirathi
Inafanana kwa matokeo, si kwa muundo. Mwenye kibanja, yaani mpangaji wa ardhi ya mailo, hakuwa mmiliki. Mwenye feu alikuwa mmiliki kamili mwenye bwana juu yake. Mfumo huo wa mabwana wa juu Uskoti ulikwisha tarehe 28 Novemba 2004, sheria ya mwaka 2000 ilipoanza kazi. Tangu siku hiyo hakuna anayeshika ardhi kwa mfalme kwa maana ya zamani, na magazeti bado yanaandika laird.

BinShela
Mfano wa pwani yetu: William Mackinnon, aliyepata mkataba wa Mrima kutoka kwa Sultani Barghash mwaka 1887 na kuongoza kampuni ya Imperial British East Africa. Mzaliwa wa Campbeltown, Uskoti, utajiri wa meli ukamnunulia shamba la Balinakill, Kintyre hukohuko. Cheo alichopewa 1889 kilibeba majina ya ardhi, Strathaird na Loup. Alikuwa laird kwa fedha, si kwa nasaba.

FundiHati
Basi nisaidieni neno la Kiswahili. Kabaila? Bwana shamba?

MamaKamusi
Bwana shamba usithubutu, msomaji atamwona ofisa wa kilimo na pikipiki yake. Kabaila lina nasaba ndani yake, ni ndugu wa kabila, na siasa zetu za baada ya uhuru zililipaka hukumu. Bonnet laird mwenye matope magotini si kabaila.

Mimi naona mwinyi. Mwinyi na mwenye ni neno moja: moja likabaki kumaanisha aliye na kitu, jingine likapanda kuwa jina la heshima la wakubwa wa Mrima. Ndivyo ilivyokuwa kwa laird na lord, shina moja, vyeo viwili.

NgomaYaLugha
Ila mwelekeo umegeuka. Kwetu umbo lililobadilika ndilo lililopanda. Kule umbo la nyumbani, laird, ndilo lililobaki chini, na lord la kusini likachukuliwa na watukufu wa bunge katikati ya karne ya 15.

WakiliWaMirathi
Au watukufu walijitenga kwanza, na jina la zamani likabaki kwa waliosalia. Tahajia ikafuata baadaye.

NgomaYaLugha
Tuonyeshe hati yenye mpangilio huo.

FundiHati
Kwa sasa nimeandika "mwinyi wa shamba" kwa laird na "mwenye" kwa kila "of". Swali jipya: ukurasa wa 61 mtu mmoja ni "of" katika mstari wa pili na "in" katika mstari wa tisa, shamba lilelile.

Mpekuzi_wa_Rejista
Tazama kama kati ya mistari hiyo kuna wadset. Huenda ameiweka ardhi rehani na kubaki juu yake kama mpangaji wa aliyemkopesha. Tuwekee mstari wa tano na wa sita.